Shangazi, nimshtaki mume wangu kwa sababu ya sigara?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Mabatini hapa Mwanza. Tumepanga chumba na sebule kule juu kwenye mawe. Ukitoka mlangoni unakanyaga ngazi, na ngazi zikiisha uko kwenye mlango wa jirani. Uwanja wa kusema mtu akae nje apunge upepo hakuna. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Giza likiingia anakwenda kambini visiwani na wenzake, mwezi ukiwa mkubwa anarudi nyumbani kupumzika mpaka giza lirudi. Ndivyo tulivyoishi tangu tuoane.

Anavuta sigara. Nilimkuta anavuta, sikuolewa nikiwa sijui. Anasema ziwani usiku kuna baridi, na mtu asipopata kitu cha kumchangamsha anaweza kusinzia akatumbukia majini. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni akirudi. Anavutia sebuleni, amekaa dirishani na pazia amelipiga fundo, anaangalia mpira kwenye simu. Nikimwambia moshi unawaingia watoto, anasema dirisha liko wazi, unatoka. Akiona nimenuna anasogea mlangoni, hatua mbili. Mvua ikinyesha hata hapo mlangoni hafiki.

Mtoto mkubwa ni wa kike, ana miaka saba. Yeye ndiye anayetumwa dukani: "Kamchukulie baba mbili." Muuzaji wamezoeana, haulizi kitu, anampa sigara mbili na pipi moja. Mdogo ni wa kiume, ana miaka miwili na nusu, na huyu ndiye anayeniliza. Kifua kinambana, anapumua kwa mluzi, usiku halali na mimi silali. Zahanati walisema inaelekea ni pumu, wakanipa inhela pamoja na kile kichupa kikubwa cha plastiki cha kumvalisha mdomoni na puani. Nesi akauliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Nikasema baba yake. Akasema, "Aache," kisha akaita mwingine.

Mama mkwe anakaa Misungwi. Yeye amegundua jambo: mtoto anabanwa mwezi ukiwa mkubwa. Na ni kweli Shangazi, nimechunguza. Giza likiwepo anacheza vizuri na wenzake, mwezi ukijaa tu anaanza. Mama mkwe anasema huo ni ugonjwa wa mwezi. Ametuma dawa ya kumfukizia, majani na mizizi, unaweka juu ya kaa la moto halafu unamfunika mtoto shuka. Nilipomfukizia alikohoa mpaka akatapika, nikaacha. Sasa inasemwa kwamba mimi ndiye sitaki mtoto apone. Habari ya sigara hataki hata kuisikia. Marehemu baba mkwe alivuta msokoto wa tumbaku tangu ujana wake na akalea watoto tisa. "Nani alikufa?" ndilo jibu lake.

Kuna dada tunayesali naye, binti yake anaishi Uingereza. Ameniambia kwamba huko mzazi akivuta sigara kwenye gari lenye mtoto anatozwa faini na polisi. Kaka yangu ni askari, yuko mkoa mwingine. Nilipomweleza akasema nimpe ruhusa tu, atakuja alale kwetu usiku mmoja tu, na shemeji yake ataelewa. Anasema sheria ipo.

Je, hapa kwetu ipo kweli? Nikienda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, watanisikiliza au watanicheka? Na je, ni haki mzazi ashtakiwe kwa kuvuta sigara ndani ya nyumba anayoilipia kodi mwenyewe? Mwenzangu mwingine ananishauri nichukue watoto niende kwetu Magu, akiwakosa atajua thamani yao.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi, akipata mgao unafika nyumbani. Mtoto akibanwa usiku ni yeye anayembeba mgongoni, anashuka naye ngazi zote zile mpaka barabarani kutafuta bodaboda. Kisha asubuhi mtu huyohuyo anawasha. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mama Wawili, Mabatini

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha.

Polisi watasubiri, nianze na mwezi. Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli, na wewe umekithibitisha kwa macho yako. Sasa jiulize: mwezi ukiwa mkubwa, nyumbani kwenu kunabadilika nini? Wewe ni mke wa mvuvi, hili unalijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Usiku wa giza taa inawakusanya, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima taa inakosa kazi, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanarudi kwa wake zao. Wa kwako anarudi na paketi mfukoni, anakaa dirishani, na muda wote ambao giza lingemweka kambini moshi wake unabaki kwenye sebule yenu. Mwanao hapatwi na mwezi. Anapatwa na likizo ya baba yake.

Sisemi kwamba sigara ndiyo iliyomletea pumu. Hilo ni la daktari, na pumu ina vichokozi vingi: mafua, vumbi, baridi ya alfajiri, moshi wa jikoni. Ila mtoto ambaye tayari ana kifua cha kubana, moshi wa sigara unamchokoza, hilo halina ubishi tena kwa wataalamu. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kubwa juu ya moshi wa sigara ya mtu mwingine. Ilisema hakuna kiwango cha moshi huo ambacho ni salama, na kwamba kufungua madirisha au kumtenga mvutaji upande mmoja wa nyumba hakumalizi hatari. Ripoti hiyo ilitaja yanayowapata watoto: pumu kuzidi, nimonia, mkamba, masikio kuoza, mapafu kutokukua inavyotakiwa, na vichanga kufa usingizini ghafla. Ndani ya moshi huo kuna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanajengwa, na hawezi kusema "naenda nje kidogo."

Kwa hiyo lile pazia alilolipiga fundo ni sawa na kukinga mvua kwa chandarua. Na hatua mbili za mlangoni, kwa nyumba ya kwenye mawe ambayo upepo wa ziwa unaipiga usoni, huenda zinarudisha moshi ndani zaidi ya unaotoka.

Kuhusu watoto tisa wa marehemu, nakushauri usibishane. Mama huyo anamtetea mume wake aliyezikwa, na huwezi kushinda ubishi wa namna hiyo. Ila wewe ujue tu kwamba waliokufa kwa nimonia miaka ile hakuna aliyeandika sababu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kwa mwaka 2004 peke yake watoto 165,000 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa sigara za watu wengine, wengi kwa maradhi ya kifua, na sehemu kubwa walikuwa wa Afrika na Asia ya Kusini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuta.

Sasa sheria, maana ndilo swali lako.

Binti wa dada yenu hajadanganya. Uingereza, kuanzia Oktoba 1, 2015, kuvuta sigara ndani ya gari binafsi lenye mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa, faini pauni 50. Wala usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Afrika Kusini ilianza kabla yao, tangu 2009, kwa gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12. Lakini angalia zote mbili zinasema nini: gari. Waliotunga sheria hizo waliufikia mlango wa nyumba wakasimama. Hata hizo za magari, polisi wa Uingereza walitoa maonyo kuliko faini, na bado tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba watoto wanaovutiwa sigara garini wamepungua. Watu walibadilika kwa kujua tu kwamba jambo hilo limekuwa aibu ya kisheria.

Kwetu, tuna sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003. Inazuia kuvuta sigara katika maeneo ya umma kama hospitali, shule na vyombo vya usafiri wa abiria, na inakataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18. Sebule yako haimo. Halafu tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hiyo inamtaka kila mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa, ukatili, unyanyasaji na hatari za kimwili na kimaadili, na ina adhabu kwa anayeikiuka. Neno sigara halimo, ila "hatari ya kimwili" ni maneno mapana, na wakili mwenye ari anaweza kusimama nayo mahakamani. Kwa hiyo kaka yako akisema sheria ipo, amesema nusu. Upo wajibu. Sheria inayosema wazi kwamba baba akivuta sebuleni akamatwe, hiyo haipo.

Je, iwepo? Umeniuliza kama ni haki, nami nitakujibu bila kuzunguka. Hoja ya kwamba nyumba anailipia kodi mimi siikubali. Kodi inanunua chumba, hainunui mapafu ya mtoto. Mtu akimchoma mwanawe kwa pasi hatusemi pasi ni yake. Kwa hiyo serikali inayo haki ya kuingia mlangoni kwako mtoto akiumizwa, na mara nyingi nimetamani iingie mapema zaidi.

Ninachokataa ni faini na pingu kwa jambo hili, kwa nyumba kama zenu. Fikiria kesi yenyewe inavyokwenda. Shahidi ni nani? Ni wewe, au yule binti wa miaka saba. Faini inatoka wapi? Kwenye mgao uleule unaonunua inhela. Akiwekwa ndani wiki moja, ni wiki moja ya giza isiyovuliwa, na tajiri wa mtumbwi hatamngoja, ataweka mtu mwingine. Na nani atakamatwa? Mwenye nyumba ya vyumba vitano Capripoint anavutia kwenye baraza lake akiangalia ziwa, watoto wamelala huko ndani, hakuna wa kumuona. Atakayeonekana ni wa chumba na sebule. Adhabu ya namna hiyo itatafuta maskini hata kama haikuandikwa kwa ajili yao.

Kwenye magari, ndiyo, naiunga mkono hata kesho. Gari ni boksi dogo, askari anaona kwa macho, na dereva anaweza kungoja afike. Na maeneo ya umma sheria ikazwe, maana hiyo inafika nyumbani kwa njia isiyotarajiwa. Uskoti ilipiga marufuku sigara maeneo ya umma yaliyofungwa Machi 2006. Wengi waliogopa kwamba wavutaji wataenda kumalizia nyumbani kwa watoto. Haikuwa hivyo. Kabla ya hapo watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka karibu asilimia 5 kila mwaka. Baada ya sheria wakawa wanapungua kwa asilimia 18 hivi kwa mwaka. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2010. Hakuna mzazi aliyefuatwa sebuleni kwake, ila watu walipozoea kutoka nje kazini na baa, wakazoea kutoka nje na nyumbani.

Dawati la Jinsia na Watoto halitakucheka, au halipaswi kukucheka. Ila wale wana kesi za watoto waliobakwa na kuchomwa moto, na kwa maelezo yako mwenyewe mume wako hajafika huko. Ungekuwa umeniandikia kwamba anampulizia mtoto moshi usoni kwa kukukomoa, au ukisema kitu anakupiga, ningekwambia nenda leo, na usiku ukikukuta piga 116, namba ya kusaidia watoto. Kwa hali yako, mlango unaofaa ukishindwa mwenyewe ni wa afisa ustawi wa jamii wa kata. Yeye anaweza kuwaita wote wawili, akawasikiliza, akamweleza mumeo wajibu wake kwa mdomo wa serikali lakini bila kalamu ya hati ya mashtaka. Wanaume wengi huwa wapole wakisikia maneno "Sheria ya Mtoto" kutoka kwa mtu mwenye faili mkononi. Mweke huyo akiba.

Kwanza fanya haya.

Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, uandike. Siku mume aliyorudi, siku mtoto aliyobanwa, siku mliyotumia inhela, siku baba alipoondoka. Acha kila kitu kingine, usiandike lawama, andika tarehe. Ifanye mwezi huu na ujao. Mvuvi ni mtu wa mahesabu ya mwezi, anajua kusoma jambo la namna hiyo kuliko makala yoyote ya daktari. Mkirudi kliniki nenda na yeye, ambebe mtoto mwenyewe kama anavyombeba usiku, na daftari mpe daktari mbele yake. "Aache," aliyosema nesi wako, ilikuwa sahihi lakini ilisemwa kwa mtu asiyevuta.

Usizungumze na mumeo wakati mtoto anabanwa, wala siku anayofika kutoka kambini macho mekundu. Mwache alale, ale, apate siku yake moja. Kisha mwambie ombi moja tu: ndani ya mlango huu sigara isiwake, hata watoto wakiwa hawapo. Hilo la "hata wakiwa hawapo" usiliache. Moshi unaganda kwenye pazia, kochi, mkeka na chandarua, na mtoto wa miaka miwili anacheza chini, anashika, anaweka mdomoni. Akitaka kuvuta ashuke mpaka barabarani au apande kule juu kwenye majabali wanakokaa vijana. Akirudi anawe mikono na uso na avue shati kabla ya kumbeba mtoto. Mtundikie shati kuukuu pale mlangoni liwe la sigara. Mvua ikinyesha avumilie. Hamu ya sigara ikimpanda haidumu, ni dakika chache, kisha inashuka hata asipovuta.

Utaona sijakwambia umwachishe. Ningependa aache, ila hilo ni lake, na nikotini inashika watu wenye akili timamu kabisa. Mvutaji anayeacha huwa mkali na hana usingizi siku za mwanzo, na wewe utadhani umemkosea. Akikubali nyumba isiwe na moshi tayari atapunguza, maana kila sigara itamgharimu ngazi zote zile. Wengi walioacha walianzia hapo. Huko ziwani siwezi kumfuata, ingawa sigara inayowaka karibu na petroli ya injini katikati ya usiku ni jambo ambalo tajiri wake alipaswa kulikemea kabla yangu.

Binti asitumwe tena. Hapa sina upole, na hapa ndipo sheria iko upande wako bila maneno mapana: anayemuuzia mtoto wa miaka saba sigara anavunja sheria, awe amezoeana naye au la, na pipi juu. Nenda dukani wewe mwenyewe, mchana, bila kelele. Mwambie muuzaji kwamba mwanao hatachukua sigara tena, akija na hela ya sigara amrudishe. Asiposikia, mwenyekiti wa mtaa yupo. Muuzaji akitozwa faini mimi sitamhurumia hata kidogo, huyo hana hamu ya nikotini ya kumsingizia.

Sasa na wewe, mwanangu. Umeniambia kila kitu cha sebule, hujaniambia unapikia wapi. Nawajua watu wa kwenye mawe: mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingia ndani, na usiku wa baridi linaachwa kwenye kona likimalizia makaa. Kama ndivyo, acha. Moshi wake nao unambana mtoto, na mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa umeua familia nzima zikiwa zimelala. Pikia kibarazani au kwenye ngazi, na moto uwake mtoto akiwa mbali. Mume akiona na wewe umetoa moshi wako nje, hatakuwa na la kukujibu.

Kufukiza, usifukize tena. Usimtukane mama mkwe wala dawa yake. Mpigie simu umwambie, "Mama, uliona kweli, mwezi ukiwa mkubwa anaumwa, na daktari amekataza moshi wa aina yoyote kwenye kifua chake." Umempa heshima ya kuwa wa kwanza kugundua, na ni haki yake. Kifua cha mtoto kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, au midomo ikageuka rangi ya buluu, au akashindwa kunywa na kulia, hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Usingoje inhela ifanye kazi, usingoje kuche. Sekou Toure na Bugando zote ziko karibu nanyi.

Magu nenda kusalimia, ukipenda. Kuhama sikushauri. Katika nyumba ile kuna kitu kimoja kinachotakiwa kutoka nje, na si mtoto. Tena ukiondoka wakati wa mwezi mkubwa mtoto atapona huko kwenu, mumeo atabaki anavuta dirishani kwa raha zaidi, na siku mtakayorudi mtaanza upya.

Kaka yako mwambie asante, na akipata likizo aje. Aje bila sare. Apikiwe sato, akae na shemeji yake kwenye ngazi, waongelee Simba na Yanga. Shemeji akitoa sigara, kaka ainuke tu aseme, "Twende tukavutie kule juu." Kama kaka naye havuti, basi amsindikize.

Shangazi